Safu ya Kulia

Fundi,

Shikamoo. Safari hii usiitikie, tafadhali, maana mwaka huu nimeshasikia ya kutosha kutoka kwa watu waliopaswa kuwa kimya.

Barua hii naiandika kwenye faili tupu, bila alama hata moja ya kuiambia programu hapa ni kichwa, hapa ni aya, hapa ni Kiswahili. Ungekuwepo ungenikaripia. Lakini hii sitaki ipangwe, wala sitaki itoke kwenye printa. Nataka ikae tu mle ndani, mahali ulipoacha vitu vyako vingine.

Juzi tumemzika Bibi Anastazia, mama yako. Nadhani unajua. Pengine ulijua kabla yetu wote, na hilo ndilo linaloninyima raha. Nimerudi jana na meli ya Nansio, leo asubuhi nimefungua duka, nimefagia, nimefukuza paka wa soko la samaki la Mwaloni aliyezoea kulala juu ya rimu za karatasi, nimekaa kwenye kiti chako. Sasa nikueleze yote kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha.

Nianze na kosa langu. Najua, najua. Hukuwahi kuniona nikikiri kosa bila kwanza kulibishia nusu saa. Basi leo nimekua.

Unakumbuka nilivyokuja hapa Kirumba? Nilikuwa mpiga chapa wa mitihani ya shule, najiona mjuzi, vidole vinakimbia. Siku ya kwanza ukaichomoa mausi ukaitia kwenye droo. Ukafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe, kijistari kinapepesa tu, ukasema, "Hapa hubonyezi, Kabula. Hapa unasema." Nikadhani umerukwa na akili. Unaandika amri, unaandika jina la ukoo wa marehemu, unapiga Enta. Programu inakwenda yenyewe kwenye folda ya Kiswahili na folda ya lugha ya nyumbani, inachukua mafaili mawili yenye jina lile, inayapanga safu mbili kwenye ukurasa mmoja. Kila aya inatazamana na mwenzake hata kama moja ndefu na nyingine fupi. Inajua neno la Kiswahili likatwe wapi likifika ukingoni, na la Kisukuma likatwe wapi. Wenye maduka ya fotokopi pale jirani walikucheka kwamba bado uko kwenye kompyuta za kizamani. Lakini wakijaribu wenyewe kuweka Kiswahili na Kihaya ubavu kwa ubavu, ukurasa wa tatu safu moja imeshafika kaburini na nyingine bado iko shule ya msingi.

Ndiyo maana watu walivuka maji kutufuata. Wakerewe, Wajita, Wajaluo, Wasukuma wenzangu, kila familia inataka kijitabu cha mazishi chenye wasifu wa marehemu kwa lugha mbili. "Safu ya kushoto ni ya wageni," ulisema. "Ya kulia ni ya wenyewe."

Halafu ukaifundisha programu kusema. Yale maonyo yake ya Kiingereza uliyafuta ukaweka ya kwako, na kwa utani ukaweka jina langu. "Kabula, mstari umezidi, utazame." "Kabula, hapo umefungua hukufunga." "Subiri, Kabula, napanga." Na mwisho kabisa, kazi ikikamilika, "Imekubali. Soma kabla hujachapa." Wateja walikuwa wanacheka sana. Mimi nilikuwa najidai kuudhika.

Ulifariki asubuhi. Saa sita mchana dada yako, Shangazi Veronika, akanipigia kwamba mwili unavuka kesho yake kwenda Ukerewe na kijitabu kiwe tayari. Nani angekitengeneza? Safu ya Kiswahili niliiandika mwenyewe, Shangazi ananitajia kwenye simu na mimi naandika huku machozi yanaingia kwenye kibodi. Ya Kikerewe nilipanga nimtafute mtu. Sikijui Kikerewe, Fundi, unajua hilo, miaka yote nilikuwa naandika herufi tu bila kujua zinasema nini. Nikasema kwanza nijaribu Kiswahili chake kimekaaje. Nikaandika amri, nikaandika Masatu, jina la ukoo wenu, nikapiga Enta.

"Subiri, Kabula, napanga."

Wewe uko mochwari, na unaniambia nisubiri unapanga. Niliinuka nikatoka nje, nikasimama kibarazani. Niliporudi ukurasa ulikuwa tayari, na safu zote mbili zimejaa. Kushoto maneno yangu. Kulia Kikerewe kirefu, kimenyooka, mwandiko wako, alama zako. Kwenye folda ya Kikerewe tayari kulikuwa na faili lenye jina la Masatu.

Ungekuwa mimi ungefikiri nini? Uliugua miezi. Wewe ni mtu aliyeandika hata karatasi ya kubandika kwenye friji inayosema friji ifungwe vipi. Nikajua umejiandikia mwenyewe wasifu wako ili usinisumbue. Nililia kwa shukrani, nikakushukuru kwa sauti, peke yangu dukani kama mwehu. Dirisha likasema, "Imekubali. Soma kabla hujachapa." Nikachapa.

Lilikuwa faili la mama yako.

Siku ya mazishi Katekista ndiye aliyesoma. Kiswahili kikapita vizuri, watu wakapangusa macho. Akaingia safu ya kulia. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, maana kijiji ni kilekile, kanisa la ubatizo ni lilelile. Kisha ikafika mahali pa kuolewa. Niliona kichwa cha mzee mmoja kikiinuka, halafu kingine, halafu wote wenye umri wakawa wanamtazama Bibi Anastazia aliyekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Katekista akaacha kusoma. Bibi akainua mkono, akasema neno moja. Baadaye niliambiwa lilikuwa, "Soma." Akasoma. Watoto, wajukuu, jembe lake, ugonjwa wa macho. Na mwisho akasoma jinsi alivyofariki. Nilisimama pale na vijitabu vyangu mkononi kama mjinga, sielewi hata sentensi moja, naona tu kwamba hewa imebadilika. Bibi peke yake akasema, "Amina."

Shangazi Veronika akanivuta mkono mpaka kwenye tangi la maji. Hakufoka. Ningependa angefoka. Akaniambia, "Kabula, umemsoma mama."

Akanitafsiria. Kwamba Anastazia aliondoka asubuhi ya mvua, moto jikoni haujawashwa, mlango wa mbele uko wazi, yeye amekaa kwenye kigoda, hakulala. Nikamwambia, Shangazi, hayo ni maneno ya kushikia nafasi tu. Fundi alikuwa akianza kazi kabla ya wakati wake, mahali asipojua anajaza maneno yoyote ili ukurasa usimame. Ndiyo, alikuwa ameanza kumwandalia mama yake mapema, mama ana miaka mingi, ni mapenzi hayo, siyo uchawi. Nilijieleza mpaka mate yakakauka.

Lakini niliporudi Mwanza niliyafungua mafaili yako yote ambayo hayakuisha. Mahali pa kujaza umeandika neno "maneno, maneno, maneno" kila mara, Kiswahili, Kijita, kila mahali. Ni kwa mama yako tu uliandika mvua na kigoda. Na faili lile linaonyesha limehifadhiwa mara ya mwisho siku ambayo ulikuwa wodini, huwezi hata kushika kijiko, na kompyuta iko hapa mezani kwangu. Saa ya kompyuta hii huruka umeme ukikatika. Najua. Najitahidi sana kuamini ni saa.

Basi Bibi akaanza kuishi kama mtu aliyezikwa.

Shangazi alikuwa ananipigia kila Jumapili baada ya misa. Mama haitikii salamu. Mama anakula akiwa amegeukia ukuta. Mama akijitaja anasema, "Anastazia alikuwa anapenda sato wa kuchemsha." Alikuwa! Wajukuu wakaanza kupita mbali na mlango wake. Jirani mmoja aliyekuja kuazima kinu alimkuta amekaa, akamwamkia mara tatu bila jibu, akaondoka bila kinu. Na kila mvua ikinyesha asubuhi, Bibi anakataza moto usiwashwe, anafungua mlango wa mbele, anakaa kwenye kigoda. Mvua ikikatika anasema tu, "Siyo hii," anaufunga mlango.

Fundi, sikulala vizuri miezi hiyo. Kazi niliendelea, maana watu hawaachi kufa kwa sababu ya majonzi yangu, lakini kila dirisha liliposema napanga, mwili ulinisisimka. Nilimzika mtu aliye hai kwa mkono wangu, kwa karatasi nzuri, kwa wino usiopauka. Nikaamua nitamfukua. Nitatafuta wasifu wako wa kweli kwa Kikerewe, nitauchapa upya, tutakusanyika kaburini kwako usomwe, na ule wa kwanza ufutike. Bibi arudi kwa watu. Hilo tu ndilo nililotaka hapa duniani.

Nikapanda meli. Nilimkuta amekaa, mgongo kwangu. Nikapiga magoti, "Shikamoo Bibi." Kimya. Nikarudia. Akasema bila kugeuka, "Unamsalimia nani?"

Nikamweleza. Mafaili mawili, jina moja, amri. Sijui alielewa nini katika hayo, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia yale ya mvua yalikuwa ya kujaza ukurasa tu. Hapo akageuka. Macho yake yale yenye ukungu yakanitafuta mpaka yakanipata. Akasema, "Mwanangu hakuwa mtu wa kujaza." Ni kweli, hukuwa.

Nikamwomba anisimulie maisha yako, nani mwingine anayajua tangu mwanzo? Kisha akanipa sharti lake, na sitalisahau mpaka ninaingia kaburini. "Siku yake mlinisoma mimi. Siku yangu mtamsoma yeye. Hapo hakuna aliyeibiwa."

Nikabisha! Unanijua. Nikamwambia hapana, tusome sasa hivi, kesho, Jumapili, wewe ukiwa hai. Nikalia mpaka Shangazi akanitoa nje. Bibi hakubadilika. Ama hivyo, ama hakuna.

Nikakubali, nikijiambia moyoni kwamba nikishapata maneno nitamshawishi taratibu. Akasimulia siku tatu. Katekista alikaa kwenye kiti, daftari kwenye goti, anaandika Kikerewe. Nami nakaa chini pembeni nanakili kwenye laptopu herufi kwa herufi. Kila baada ya ukurasa Katekista ananieleza kilichosemwa. Ndipo nilipojua ulikuwa unaogopa kuku. Fundi! Mtu mzima mwenye ndevu! Kwamba uliwahi kuiba kitabu cha nyimbo kanisani siyo kwa ajili ya nyimbo, bali kwa sababu ulitaka kujua nani anayezipanga zile herufi zikae sawa. Kwamba ulikataa kazi ya bandari ili usikae mbali na karatasi. Bibi alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Siku ya pili aliomba sato. Siku ya tatu niliingia nikaamkia kwa mazoea tu, akasema, "Marahaba." Shangazi alikuwa jikoni, sufuria ikamponyoka. Tulikumbatiana kule kwenye moshi tukisema amerudi, amerudi.

Jioni ya tatu akasema sentensi ya mwisho. Katekista akaiandika, akanitazama, akafunga daftari. Nikamuuliza ni nini. Akasema Bibi amekataza nisiambiwe mpaka siku yenyewe. Bibi naye akanishika kiganja, akaniapisha kwamba sitamuuliza mtu mwingine.

Niliponakili sentensi ile niliona jina langu ndani yake. Kabula, katikati ya Kikerewe.

Sasa niambie, ungekuwa wewe? Mwanamke yule amesomewa kifo chake na anakisubiri. Sasa ameketi anasema kitu kuhusu mimi, kwenye wasifu wa marehemu, na hataki nikijue. Nilirudi nyumbani kwangu Pasiansi nikiwa na homa isiyo na malaria. Ningeweza kumuuliza Mkerewe yeyote pale Mwaloni, wamejaa, yule mama wa dagaa anayekuja kutoa fotokopi ni Mkerewe kabisa. Nilikuwa namuona anakuja, nainamia mashine. Sikumuuliza. Nusu ni kiapo, nusu ni woga, usinisifu.

Wiki ya pili, mvua ilishuka Mwanza tangu alfajiri, ile mvua inayotoka ziwani imenyooka kama uzi. Nilikuwa nimekaa kitandani naitazama simu. Ikaita. Shangazi Veronika hakulia. Akasema tu, "Ni hii."

Moto haukuwashwa. Mlango ulikuwa wazi, maji yameingia mpaka miguuni pake. Amekaa kwenye kigoda. Hakulala.

Nilikuja dukani nimelowa, nikawasha kompyuta. Kiswahili cha Bibi kushoto, kwa wageni. Kulia, wewe. Niliyabadilisha majina ya mafaili kwa mikono yangu ili nikosee makusudi lile kosa nililolifanya kwa ujinga. Enta. "Subiri, Kabula, napanga." Halafu, "Kabula, mstari wa mwisho umezidi, utazame."

Ulikuwa mstari wangu. Ulichomoza nje ya safu. Kijistari kikawa kinapepesa pale kwenye herufi ya kwanza ya jina langu, na nikafahamu kwamba naweza kuufuta wote kwa kidole kimoja. Safu ingekaa vizuri. Bibi hayupo, Katekista ni mtu wa kuona aibu, asingesema. Kilichoandikwa kuhusu mimi kingekuwa hakijaandikwa. Nilikaa na kidole juu ya kibodi kwa muda mrefu sana, Fundi. Nilimwona Bibi akisema siyo hii, siyo hii, asubuhi baada ya asubuhi. Nilitaka kuishi. Sioni haya kusema.

Lakini nilishawahi kuwazika watu kwa ukurasa ambao siyo wao. Sikutaka kufanya hivyo mara ya pili nikiwa na akili zangu. Nikapunguza ukingo kidogo, mstari ukaingia. "Imekubali." Nikachapa.

Kule Ukerewe Katekista aligoma. Akasema alisoma mara moja na imemtosha maisha yake yote, safari hii asome aliyechapa. Nikasimama mimi. Kiswahili kikaisha. Nikaanza safu ya kulia kwa ulimi wangu wa Kisukuma, nikijikwaa kwenye kila neno, na wazee wananisaidia chini chini pale ninapopinda. Walipocheka nilijua tumefika kwa kuku. Walipoguna nilijua ni kitabu cha nyimbo. Na kisha nikaona jina langu linakuja, mstari mmoja chini, nusu mstari. Nikasema moyoni, haya, Kabula, jisomee mwenyewe. Nikasikia jina langu likitoka kinywani mwangu mbele ya kaburi.

Nikamaliza. Watu wote wananitazama, na hakuna anayesogea. Nikatazama anga, sijui nilitegemea nini, radi labda. Shangazi Veronika akaja akanishika bega. Hakunipeleka kwenye kaburi la Bibi. Alinigeuza kunielekeza kwenye kaburi lako, pembeni pale, akaniinamisha akanitilia udongo mkononi.

"Wanakusubiri," akasema. "Umesoma kwamba ameacha mtoto mmoja, Kabula, ndiye anayesoma haya."

Siku yako, Fundi, mwongozaji aliita watoto wa marehemu waje watie udongo. Hakuinuka mtu. Nilikuwepo, nilikuwa natazama viatu vyangu. Akasubiri kidogo, akaruka kwenda kwa wapwa. Mama yako aliliona pengo lile, na yeye, aliyekuwa ameshasomwa, akaendelea kulibeba miezi yote ile mpaka alipopata mahali pa kuliziba.

Nikautia udongo. Nililia kwa sauti, mimi niliyekuwa nasema wanaolia kwa sauti misibani wanatafuta kuonekana. Usinikumbushe.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa lile la kukuuliza. Asubuhi hii nilikuwa napanga mafaili, nimerudisha majina yenu kila mmoja mahali pake. Folda ya Kikerewe ina faili moja ambalo sikuwahi kuliona, au sikuwahi kulitazama. Halina jina la ukoo. Limeandikwa "kabula" tu. Mimi Msukuma, na umeniweka kwenye folda ya watu wa kwenu.

Sijalifungua. Nimekaa nalo tangu saa mbili. Nakuahidi hivi: sitalipeleka kwa Katekista wala kwa yule mama wa dagaa. Shangazi Veronika ameahidi kunifundisha Kikerewe kwenye simu, kila Jumapili maneno kumi, na tayari ananicheka kuliko ulivyonicheka wewe. Nitalifungua siku nitakayoweza kulisoma mwenyewe mpaka mwisho. Kama umenitania, nitacheka. Kama hukunitania, angalau nitajua kabla ya majirani.

Pumzika, Baba. Nimeandika Baba, na safari hii usinisahihishe.

Mwanao,
Kabula